Nani anaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa na kumhudumia nyumbani?

Mtoto anapoandikiwa dawa, mara nyingi dozi ya kwanza anaipata kituoni mbele ya muuguzi. Dozi zinazobaki hutolewa nyumbani, na si mama peke yake anayezitoa. Wapo bibi, shangazi, dada wa kazi, kaka mkubwa na hata jirani. Makala haya yanaeleza nani anaruhusiwa kufanya nini kwa taratibu za Tanzania, na namna ya kumwachia mtu mwingine dawa bila mgonjwa kukosa dozi au kupewa mara mbili.

Kwa ufupi

- Dawa iliyoandikwa na kutolewa na mtaalamu inaweza kutolewa nyumbani na mzazi, mlezi au mtu mzima mwingine aliyeelekezwa. Kazi hiyo haihitaji leseni.
- Kuamua mgonjwa apewe dawa gani na kiasi gani ni kazi ya mtaalamu aliyesajiliwa.
- Sindano na dripu ni za kituoni. Insulini ya kisukari huchomwa nyumbani na mgonjwa au mlezi aliyefundishwa.
- Mtoto asiachiwe jukumu la dawa za mtoto mwenzake wala za mzee.
- Kila mgonjwa awe na mtu mmoja anayeshika dawa zake kwa siku husika.
- Kwenye kuoshwa, kuvalishwa na kusaidiwa chooni, mgonjwa ana haki ya kusema nani amguse na nani asimguse.

Kwa nini jambo hili lina uzito Tabora

Tabora ni njia panda tangu enzi za misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Reli iliyofika mjini mwaka 1912 iliendeleza hali hiyo. Leo wazazi bado wanasafiri. Wapo wanaohamia mashamba ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge wakati wa msimu, wapo wanaoingia msituni kurina asali, na wapo wanaopanda treni kwenda Kigoma, Mpanda au Mwanza kutafuta riziki. Watoto na wazee hubaki nyumbani na mtu mwingine.

Magonjwa hayasubiri mama arudi. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na malaria wa mwaka 2022, Tabora iliongoza nchini kwa malaria. Karibu asilimia 23 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa walikuwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Hivyo ni rahisi kukuta nyumba yenye mtoto aliye katikati ya dozi huku mama yake akiwa mbali.

Kazi nne ambazo watu huzichanganya

*1. Kuamua dawa.* Hii ni kumpima mgonjwa, kujua ugonjwa na kuandika dawa. Ni kazi ya daktari, tabibu au mtaalamu mwingine aliyesajiliwa na kupewa ruhusa hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja na wa miaka mitano hawapewi kiasi sawa hata kama wote wana malaria, kwa sababu dozi hufuata uzito. Kwa sababu hiyo dawa iliyobaki kwa mtoto wa jirani haikufai, hata kama dalili zinafanana.

*2. Kutoa au kuuza dawa.* Kazi hii inasimamiwa na Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na ubora wa dawa zenyewe unasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Dawa zinunuliwe famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Dawa za kumwaga zinazouzwa mnadani, stendi au ndani ya basi usimpe mtoto.

*3. Kuchoma sindano na kutundika dripu.* Hii ni kazi ya mtaalamu wa afya, kituoni. Duka la dawa haliruhusiwi kuchoma sindano, kulaza mgonjwa wala kumtundikia dripu, hata kama muuzaji anajua kuchoma.

*4. Kunywesha dawa iliyokwisha kuandikwa.* Hii ndiyo kazi ya nyumbani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataja matibabu, pamoja na chanjo, kuwa sehemu ya matunzo ambayo mtoto anastahili. Jukumu hilo ni la mzazi au mlezi. Anaweza kusaidiwa, lakini anapaswa kujua ni nani anayemsaidia na anafanya nini.

Nani afanye nini nyumbani

*Mama, baba au mlezi.* Anatoa dawa zote za kumeza, za kupaka na za matone kama alivyoelekezwa. Ana haki ya kuuliza kituoni mpaka aelewe, na kuomba aonyeshwe kwa vitendo namna ya kupima dawa ya maji.

*Bibi, babu, shangazi, mjomba.* Wanaruhusiwa kutoa dawa wakishaelekezwa. Kama macho ya bibi hayaoni vizuri, usimwachie maandishi pekee. Mwonyeshe alama kwenye bomba la kupimia, au weka kila dozi ya vidonge kwenye pakiti yake ndogo.

*Dada wa kazi.* Akiwa mtu mzima na ameelekezwa, anaweza kutoa dawa iliyoandikwa. Asiulizwe aamue mwenyewe kama mtoto "anahitaji Panadol". Kumbuka pia kwamba sheria hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa miaka 14 na kuendelea anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Binti wa miaka 15 asibebeshwe dawa za kifafa za mtoto au kumgeuza mzee aliyelala kitandani.

*Mtoto mkubwa wa nyumbani.* Anaweza kukumbusha, kuleta maji, au kukimbia kumwita mtu mzima. Asishike dawa. Mtoto wa miaka 10 akimzidishia mdogo wake dozi, aliyekosea ni mtu mzima aliyemwachia.

*Mhudumu wa afya ngazi ya jamii.* Mpango mpya wa wahudumu hawa ulizinduliwa Januari 2024, na wanafundishwa kwa miezi 6 kabla ya kuanza kazi. Anatembelea nyumba, anaelimisha, anafuatilia wagonjwa na kuwapeleka kituoni. Afanye yale aliyofundishwa na yanayojulikana na kituo kinachomsimamia. Una haki ya kumwuliza anatoka kituo gani.

*Mganga wa tiba asili.* Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatambua tiba hii na inamtaka mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza lake. Ukitumia mitishamba, mwambie tabibu bila kuogopa, kwa sababu baadhi ya mizizi na majani hugombana na dawa za hospitali au kuumiza ini na figo za mtoto.

Unapomwachia mtu dawa: hatua saba

1. Chagua mtu mmoja. Makosa mengi hutokea pale watu wawili wenye nia njema wanapompa mtoto dozi ileile, bibi saa moja asubuhi na shangazi saa mbili. Waambie wote waliopo nyumbani nani anashika dawa.

2. Soma maandishi pamoja naye. Kwenye bahasha ya dawa, 1×3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Alama ya 2×2 ni vidonge viwili mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Wapo wanaosoma 1×3 kama vidonge vitatu kwa mkupuo. Mwambie akurudishie kwa maneno yake mwenyewe.

3. Taja saa kwa Kiswahili cha kawaida na uzihusishe na mambo ya nyumbani: alfajiri, baada ya chai, kabla ya kulala. Dawa ya mseto ya malaria ina mpango wake. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12 mpaka zitimie dozi 6 ndani ya siku 3. Mtoto akianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, na ya tatu ni saa kumi na mbili asubuhi inayofuata. Apewe pamoja na chakula, uji au maziwa ya mama.

4. Acha kipimo chenyewe. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Tumia kikombe kidogo au bomba lisilo na sindano vinavyokuja na dawa. Kama havipo, omba famasi au kituoni.

5. Tundika karatasi ukutani. Chora siku na nafasi za dozi, na kila dozi ikitolewa iwekwe alama hapo hapo. Asiyejua kusoma anaweza kuweka alama ya mkaa. Kabla ya kutoa dozi, mtu atazame karatasi kwanza.

6. Sema dawa zinakaa wapi. Ziwe juu, pasipofikiwa na watoto, mbali na jua na jiko, ndani ya pakiti yake. Usihamishie kwenye chupa ya soda, na usimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi.

7. Acha namba za simu: yako, ya kituo mlichopewa dawa, na ya jirani mwenye usafiri. Acha pia kadi ya kliniki ya mtoto na fedha kidogo ya nauli. Bibi asiye na kadi wala nauli atachelewa kumpeleka mtoto.

Asali yetu nayo inahitaji neno. Nyumba nyingi za Tabora huchanganya dawa chungu na asali. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli na kuzuia pumzi. Vidonge vinavyoyeyuka vya watoto viyeyushwe kwenye maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa.

Je, anayempa dawa lazima ajue ugonjwa?

Hili linawatesa akina mama wengi, hasa wenye watoto wanaotumia ARV. Mama anataka kusafiri, lakini anaogopa kwamba akimwambia wifi yake, habari zitaenea kijiji kizima. Matokeo yake mtoto anaachwa siku tatu bila dawa.

Kwa sheria, taarifa za VVU ni siri. Mtumishi wa afya hana ruhusa ya kumwambia ndugu yako bila ridhaa yako. Anayetoa dozi kwa siku mbili tatu anahitaji kujua jina la dawa, kiasi, saa, na la kufanya mtoto akitapika. Si lazima ajue zaidi. Lakini anayekaa na mtoto kwa miezi ni vigumu kuifanya kazi hiyo gizani, kwani siku mtoto akiugua atashindwa kumweleza tabibu. Zungumza na mshauri wa kliniki ya CTC kabla ya safari. Atakusaidia kuchagua mtu na namna ya kumwambia, na anaweza kukupa dawa za kutosha siku za safari, au kupanga uchukue kituo kingine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, kwa hiyo kijana wa umri huo ashirikishwe kwenye mpango wa dawa zake.

Kifua kikuu kina utaratibu wake. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na mgonjwa huchagua kumeza dawa kituoni au nyumbani. Akichagua nyumbani anataja msimamizi, ambaye anaweza kuwa ndugu au jirani anayemwamini. Msimamizi huyo anaelekezwa kituoni, anamwona mgonjwa akimeza kila siku, na anaweka alama kwenye kadi. Msimamizi akisafiri, apatikane mwingine na kituo kijulishwe. Dawa za kifua kikuu na za VVU ni bure, na mtu asikutoze.

Sindano na mirija nyumbani

Wapo watu mitaani wanaopita nyumba kwa nyumba wakichoma sindano za "malaria" au "nguvu". Usiwakaribishe, hata kama mmoja aliwahi kufanya kazi hospitali. Sindano isiyo safi hueneza homa ya ini na VVU. Ikichomwa vibaya kwenye tako la mtoto inaweza kuumiza mshipa wa fahamu na kumwacha akichechemea maisha yote. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge, na iliyo kali inahitaji kulazwa.

Insulini ni tofauti, kwa sababu mgonjwa anaihitaji kila siku. Mlezi anafundishwa kituoni kuvuta kiasi sahihi, kubadilisha sehemu ya kuchoma, na kutambua sukari iliyoshuka: mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari mara moja. Kama hakuna friji, insulini ifungwe kwenye mfuko usioingiza maji na iwekwe kwenye mtungi wa udongo kivulini, hasa kwenye joto la Oktoba. Sindano zilizotumika zikusanywe kwenye chupa ngumu ya plastiki na zirudishwe kituoni.

Mpira wa mkojo na mrija wa chakula puani huwekwa na kubadilishwa na mtaalamu. Mlezi aliyeelekezwa anaweza kumwaga mfuko wa mkojo na kusafisha ngozi kuzunguka mpira. Ukichomoka, usiurudishe mwenyewe.

Kuosha, kuvalisha na kugeuza mgonjwa

Kazi hizi hazihitaji leseni. Zinahitaji heshima na mikono safi.

- Mwulize mgonjwa anataka nani amsaidie. Katika familia nyingi za kwetu si vizuri mkwe kumwosha baba mkwe. Usilazimishe. Tafuta mtoto wa kiume, mjukuu mtu mzima au mzee mwenzake.
- Funga mlango au weka pazia. Funua sehemu unayoosha tu, nyingine ifunikwe.
- Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 mchana, na usiku kama alivyoshauri muuguzi. Angalia visigino, kiuno na makalio. Ngozi ikibadilika rangi na isirudi, kidonda kinaanza.
- Vaa glavu ukigusa damu, kinyesi au kidonda. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada.
- Mlishe akiwa ameketi au ameinuliwa. Anayelala chali hupaliwa.

Mtoto mwenye ulemavu anayehitaji kusaidiwa kuoga na kujisaidia yuko kwenye hatari zaidi ya kuguswa vibaya. Watu wanaomhudumia wawe wachache na wajulikane. Mfundishe majina ya viungo vyake na neno "sitaki". Akibadilika ghafla na kumwogopa mtu fulani, msikilize. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au piga 116 bure.

Yasiyofanywa nyumbani na mtu yeyote

- Kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa.
- Kung'oa au kuchokonoa fizi kwa madai ya "meno ya plastiki". Meno hayo ni meno ya mtoto yanayoota. Homa na kuhara anavyougua vina sababu nyingine inayotibika.
- Kumchanja chale kwa wembe.
- Kumtia kitu mdomoni anayedondoka kwa kifafa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, na ungoje naye.

Watoto wamefika hospitali wakiwa wamepoteza damu nyingi baada ya hayo mawili ya kwanza. Mtoto mwenye malaria mara nyingi tayari ana upungufu wa damu, na hana ya kupoteza.

Dozi ikikosewa

*Ametapika.* Kama ni ndani ya nusu saa baada ya dawa ya mseto, rudia dozi hiyo. Kisha nenda kituoni upewe ya kufidia, maana sasa pakiti imepungua dozi moja. Akitapika tena, mpeleke.

*Dozi imesahaulika.* Mpe unapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, piga simu kituoni uulize. Usimpe dozi mbili kwa pamoja.

*Amepewa mara mbili au amemeza dawa za mtu mwingine.* Mpeleke kituoni haraka pamoja na pakiti au chupa. Usimlazimishe kutapika, na usingoje dalili. Parasetamo iliyozidi huumiza ini hata kama siku ya kwanza mtoto anacheza.

Nenda kituoni bila kungoja mama arudi kama mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, hazinduki vizuri, anapumua kwa shida, amevimba uso au ametoka vipele baada ya dawa. Mlezi aliye naye ndiye ampeleke. Bibi au shangazi asizuiwe na hofu ya kwamba "mwenye mtoto hayupo". Waambie hivyo kabla hujaondoka, mbele ya watu wa nyumbani.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Mwalimu anaweza kumpa mtoto dawa shuleni?* Ndiyo, mkikubaliana. Peleka dawa mwenyewe ikiwa kwenye pakiti yenye jina la mtoto, pamoja na maelekezo ya maandishi, na umkabidhi mwalimu mmoja au matroni. Usiiweke kwenye begi la mtoto.

*Amepona siku ya pili. Niweke zilizobaki kwa ajili ya mdogo wake?* Hapana. Amalizie kama alivyoandikiwa. Zilizobaki kwa sababu nyingine zirudishwe kituoni.

*Ndugu yangu ni muuguzi. Anaweza kunichomea mtoto sindano nyumbani?* Usajili wake haugeuzi nyumba kuwa kituo. Mtoto akipata mzio mkali baada ya sindano, dawa na vifaa vya kumwokoa viko kituoni.

*Niulize wapi?* Anza na zahanati yako. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kwa maswali ya afya. Namba 115 ni ya dharura ya usafiri kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ziandike kwenye karatasi ile ile ya ukutani, chini ya alama za dozi.